Enjo, furu, bichiri, mdomo wa tembo au gogogo: nani akae kwenye tenki lako la majani?

Kuna siku inamfikia kila anayefuga samaki wa urembo. Tenki limetulia, majani yameshika, guppy wamezaana mpaka unawagawa kwa majirani kama mchicha, halafu jioni umekaa kwenye kochi unawaangalia unajisemea aah, hivi vidude vya sentimita tatu mpaka lini, mi nataka samaki mwenye mwili, mgeni akiingia asahau hata kusalimia. Mimi ilinifika, na tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na watu wa hapa Mwanza, wa Buhongwa, Nyegezi, Pasiansi, mpaka jamaa mmoja wa Ukerewe aliyetaka kumweka kamongo sebuleni (huyo nitamrudia). Basi nimeona niandike kwa kirefu mara moja tuachane na kutumiana voice note.

Wagombea ni watano, wote wa maji yasiyo na chumvi: enjo, furu wa kwetu, bichiri wa Senegal, mdomo wa tembo, na gogogo. Baadhi nimewafuga, baadhi nimewaona kwa rafiki zangu kwa muda wa kutosha kujua tabia zao.

Tunawapima kwa nini

Maswali ni manne, na kila mmoja anaulizwa yaleyale, asipendelewe mtu.

La kwanza, atafika wapi? Dukani wote wana urefu wa kidole na wote wanapendeza. Usimnunue alivyo leo, mnunue atakavyokuwa baada ya miaka miwili. Tenki langu lina sentimita 100 kwa 40 kwa 50, hiyo ni lita 200, yaani kilo 200 za maji matupu hujaweka kioo wala mchanga wala jiwe, kwahiyo ile meza ya TV ya mbao laini sahau kabisa, nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma.

La pili, majani yatapona? Samaki anaharibu majani kwa njia tatu: anayala, anayang'oa akipita, au anachimba mchanga. Anayekula hana dawa. Anayechimba na anayeng'oa wanavumilika ukitumia anubiasi (mmea wa majini) iliyofungwa kwa uzi kwenye jiwe au gogo, na anubiasi yenyewe wala haitaki kufukiwa, lile shina lake linalotambaa ukilizika linaoza.

La tatu, anakula nini na utakipata Mwanza hapa kila wiki, sio siku ya kwanza tu.

La nne ndo wengi tunajidanganya: umeme na maji. Filta ikizimika maji hayazunguki, hewa inapungua, na watu wanasahau kwamba usiku majani nayo yanavuta oksijeni kama samaki. Kwahiyo umeme ukikatika saa nane usiku kwenye tenki lenye msitu ni hatari kuliko ukikatika saa nane mchana, maana mchana mwanga wa dirishani unayasaidia majani kutoa oksijeni. Pampu ndogo ya hewa ya betri inunuliwe kabla ya samaki. Halafu maji: kubadilisha robo ya lita 200 kila wiki ni lita 50, ndoo kubwa mbili na nusu, na kama ni ya bomba uziache wazi siku nzima klorini iondoke. Ukiwa na bomba uani ni kazi ndogo, ila kama umepanga kule juu kwenye mawe ya Igogo na maji yanapanda kwa kichwa, zihesabu hizo ndoo vizuri.

Jambo moja kuhusu majani kabla sijaendelea. Valisineria (yale marefu kama utepe) na seratofilamu (lile linalofanana na mkia wa paka) yanaota ziwani kwetu Victoria bure, na wengi wanayachota pembeni ya ziwa. Sawa, lakini kule kuna konokono wa kichocho, na konokono mmoja akiingia kwenye ndoo yako anaweza kuendelea kutoa vijidudu vya kichocho kwa wiki kadhaa wakati we unaingiza mkono tenkini kila siku. Osha jani moja moja, kagua chini ya kila jani, toa konokono wote hata wale wadogo kama punje ya mtama, weka kwenye ndoo ya pembeni wiki mbili tatu na uzidi kukagua. Maji ya ziwa usiyamimine tenkini. Mimi siku hizi nachukua kipande kwa mtu mwenye tenki safi nakiotesha, naona ni amani zaidi.

Enjo

Huyu wa Amazon kila mtu anamjua kwa sura, bapa kama sahani iliyosimamishwa, mapezi marefu juu na chini.

*Ukubwa:* mwili unafika sentimita 15 hivi, ila kimo ndo kinachowaponza watu, kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini anavuka 20. Anataka tenki lenye kina, 45 kwenda juu. Kwenye tenki fupi mapezi yanakua yamepinda na hayanyooki tena.

*Majani:* hapa sijaona wa kumshinda. Hali, hachimbi, hang'oi, na ule ubapa wake ni wa kupenya katikati ya mashina. Anataga juu ya jani pana, ukiwa na ekinodorasi (mmea wenye majani mapana hivyo) utawaona dume na jike wanalisafisha jani kwa midomo asubuhi nzima kabla ya kuweka yai la kwanza, halafu wanalinda kwa zamu huku wanayapepea mayai. Wakati huo ni wakorofi. Jozi yangu ilichukua nusu ya tenki na kuwabananisha wengine wote kwenye kona ya nyuma ya filta kwa wiki nzima.

*Msosi:* chochote cha dukani anakula. Na neon tetra (visamaki vidogo vya urembo) pia anakula, akishakua, usije ukasema hukuambiwa.

*Umeme na maji:* anapenda joto, nyuzi 24 mpaka 28. Mwanza miezi mingi hapati shida ila mwezi wa sita na wa saba usiku kunapoa, hita iwepo, na umeme ukikatika zungushia tenki blanketi, lita 200 hazipoi haraka.

*Anamfaa:* anayehama kutoka guppy kwa mara ya kwanza na hataki kugusa majani yake. Kwa anayetaka wageni waulize "huyu ni nini" hafai sana, wote watasema "aa, enjo".

Furu

Hapa nitakaa kidogo, maana ni wa nyumbani na wengi tunampita.

Ukisema furu watu wa hapa wanaona chambo cha sangara au kitoweo cha siku ngumu. Ila nenda visiwani kwenye mawe, vua kwa ndoano ndogo, utatoa dume mgongo mwekundu kama moto, ubavu wa njano wenye mistari myeusi, tumbo jeusi, unabaki umemshika unajiuliza katoka wapi. Huyo ni Pundamilia nyererei. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na ni wa huku huku kwetu, Ghuba ya Mwanza na visiwa vya jirani. Furu wa Victoria wanakadiriwa kuwa spishi 500 na zaidi, nyingi zilipotea miaka ya 1980 sangara alipotapakaa, waliojificha kwenye mawe ndo wakanusurika vizuri kuliko wale wa maji ya wazi. Kwa hiyo ukimfuga huyu una kitu ambacho watu wa Ulaya wanakifuatilia kwa bei mbaya, na we unapanda pikipiki tu.

*Ukubwa:* mdogo kuliko wote hapa, sentimita 8 mpaka 10. Nimemweka kwenye orodha kwa sababu ya ajabu yake, mwili hana.

*Majani:* nusu nusu. Hali majani kwa makusudi, kwao anakula vijidudu vinavyoelea majini. Lakini dume anachimba shimo la kumvutia jike, na kilichopandwa hapo kinaondoka. Valisineria ikishashika mizizi wiki sita saba kabla hujamleta, na anubiasi kwenye mawe, mtaelewana. Zile nyasi fupi za kutandika chini kama kapeti utazikuta zinaelea.

*Msosi:* chembe za dukani, minyoo midogo, viluwiluwi. Usimpe nyama ya ng'ombe, tumbo linavimba.

*Umeme na maji:* ni wa ziwa hilihili, joto la Mwanza ndo joto lake. Watu wanasoma mambo ya samaki wa Ziwa Nyasa na Tanganyika wanadhani furu naye anataka maji mazito ya madini, hapana, maji ya Victoria ni mepesi ukilinganisha na ya huko.

Sasa tabia. Ni mgomvi. Dume mmoja na majike watano au sita, kundi liwe kubwa kidogo ili ugomvi ugawanyike, mawe mengi. Madume wanyonge wanafifia rangi, usidhani umeuziwa feki, mtoe mbabe uone. Jike anatotoa mdomoni, anabeba mayai wiki mbili mpaka tatu bila kula, kidevu kimejaa kama ana pipi.

Na usichanganye aina mbili za furu. Majike wanafanana mno, kila mtu kajivalia kijivu cha njano, na wao wenyewe wanatambuana kwa rangi za madume. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwa furu wa ziwa hilihili kwamba maji yakiwa na tope au mwanga ukiwa wa rangi moja, majike wanashindwa kutofautisha na wanapandana ovyo. Kwahiyo zile taa za LED za bluu tupu au pinki tupu, hapana, weka nyeupe ya kawaida.

Niseme na kosa langu. Wa kwanza niliwapata kwenye ndoo ya mvuvi, walikuwa chambo cha ndoano za sangara, kumi na kitu wamerundikana kwenye maji ya vidole vitatu, na katikati mmoja mwekundu. Nikachukua sita. Kufika nyumbani nikawamimina moja kwa moja kwenye maji ya bomba ya asubuhi hiyo hiyo, kwa haraka ya kuwaona wanaogelea. Wanne walikufa kabla ya kesho yake jioni, na yule mwekundu alikuwa wa kwanza. Siku hizi kila samaki mpya anakaa ndoo ya pembeni, maji ya tenki anaongezewa kikombe kimoja kimoja kwa saa nzima. Kuhusu kuvua, kwanza pita kwa afisa uvuvi wa eneo lako umuulize taratibu, haichukui hata nusu saa.

*Anamfaa:* mtu wa mawe na majani machache magumu, mwenye uvumilivu wa ugomvi, anayetaka rangi na hadithi. Asiyependa kuona samaki anafukuzwa aende kwa enjo.

Bichiri wa Senegal

Mwili mrefu kama nyoka mnene, magamba magumu yanayong'aa, na mgongoni badala ya pezi moja ana vipezi vidogo vingi vimepangana kama meno ya msumeno. Jamaa zake waliishi duniani enzi za madinosa na sura inaonyesha. Yupo kwenye mto Nile upande wa Ziwa Albert ila Victoria hayupo.

*Ukubwa:* kwenye tenki hesabu sentimita 25 mpaka 30. Anatambaa chini, kwahiyo upana wa sakafu una maana kuliko kina. Ile sentimita 40 ya upana niliyonayo mi naona ndo mwisho kabisa, akipata 50 anageuka bila kujikunja.

*Majani:* hali hata jani moja. Ila usiku anapotoka kuwinda anapita popote kama bodaboda kwenye msongamano, visivyo na mizizi imara vinang'oka. Anubiasi tena, na ekinodorasi kubwa. Vichaka anavipenda maana mchana anajificha humo.

*Msosi:* nyama. Nyungunyungu, vipande vya samaki, dagaa wabichi. Na hapa kuna kalenda ya kuijua: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, kwahiyo siku hizo soko la Mwaloni unakuta wakavu tu. Mi nanunua wabichi siku za giza zikianza, naosha, nagandisha kwenye mifuko midogo ya mara moja moja. Dagaa wa kukaushwa mchangani usimpe, ana mchanga tumboni hata wewe mwenyewe unaujua.

Chochote kinachoenea mdomoni ni chakula. Nilikuwa na guppy kumi na mmoja Jumatatu, Ijumaa wakabaki wanne, na yeye yuko chini ya gogo ametulia kama hajui kitu. Majirani zake wawe wakubwa na wenye kimo, enjo aliyekomaa anaishi naye vizuri.

*Umeme na maji:* hapa ndo anawapita wote. Ana mapafu. Utamwona anapanda juu ghafla, anagugumia hewa, anashuka. Umeme ukikatika usiku kucha wenzake wanahema juu juu yeye hana habari. Ila kwa sababu hiyohiyo lazima uache nafasi ya hewa kati ya maji na mfuniko, na mfuniko uzibe kila tundu, hata pale waya wa filta unapopita. Wangu alitoka kwa tundu la waya. Nilimkuta asubuhi nyuma ya kochi, amejigaragaza vumbi na nywele za zulia mwili mzima, nikamwokota nikijua ni wa kuzika, akageuza kichwa. Bado yupo mpaka leo.

*Anamfaa:* mwenye umeme wa kusuasua, asiye na samaki wadogo, anayerudi nyumbani usiku (mchana hutamwona sana). Anaishi miaka kumi na zaidi, kwahiyo sio wa mtu anayehamahama vyumba.

Mdomo wa tembo

Ukiingia Mwaloni Kirumba ukamwona domodomo kwenye meza, huyu ni ndugu yake mdogo kutoka Kongo na Afrika Magharibi. Mweusi, mistari miwili myeupe karibu na mkia, na chini ya mdomo kitu kama mkonga anachopekulia mchanga. Mama mkwe wangu alipomwona kwa rafiki yangu aliuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, huyu si domodomo, mbona mnamchelewesha?"

Huyu ndo wa ajabu kuliko wote. Anatoa umeme hafifu kutoka mkiani na anausikia unavyorudi, ndivyo anavyoona gizani. Wewe haukupigi shoti. Na ana ubongo mkubwa ajabu, unakula takriban asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili wake, sisi wa kwetu unakula kama 20 tu.

*Ukubwa:* sentimita 20 mpaka 25.

*Majani:* hali, lakini anapekua mchanga kutwa, miche mipya anaitikisa mpaka inalegea. Mchanga lazima uwe laini kabisa, changarawe yenye ncha inachuna ule mkonga na kidonda hicho kinamzuia kula. Majani ya kumfaa ni yale yanayoleta kivuli: yungiyungi lenye majani juu, anubiasi, na taa isiwe kali. Hapo kuna mgongano, maana majani mengi ya kupendeza yanataka mwanga mwingi. Huwezi kuwa na kapeti ya kijani inayong'aa na mdomo wa tembo mwenye furaha ndani ya tenki moja, chagua.

*Msosi:* hapa ndo wengi wanamuua. Chembe za dukani anaweza kukataa wiki nzima. Anataka minyoo midogo myekundu, hai au ya kugandishwa. Ile minyoo ni watoto wa vijidudu jamaa na wale wanaopanda ziwani kama moshi kipindi kile tunafunga madirisha, lakini sijamwona mtu hapa anayeikusanya na kuuza, kwahiyo unategemea ya kugandishwa kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,000 kwenye boksi la barafu. Rafiki yangu anafuga nyungunyungu kwenye ndoo ya mbolea nyuma ya nyumba anawakata vipande vidogo, inafanya kazi, ila mke wake hataki hata kuisikia hiyo ndoo. Na kwa kuwa anakula polepole gizani, ukimweka na samaki wenye vurugu analala njaa.

*Umeme na maji:* rudi kwenye ule ubongo. Oksijeni ikipungua usimbahatishe. Bila pampu ya betri usimfuge. Dawa nyingi za samaki nazo hazivumilii, maji yawe safi muda wote.

*Anamfaa:* mwenye tenki la pili au la tatu, ratiba isiyoyumba, na chakula kimelala kwenye friza tayari. Ama mmoja peke yake au kundi la sita kwenye tenki kubwa, wawili watatu wanaoneana mpaka mmoja afe.

Gogogo

Kwa huyu sina maneno mengi maana hana matatizo mengi. Gogogo wa ziwani unaemjua anakua mkubwa na usiku anasukuma kila kitu, mi simshauri kwenye majani. Wa kumtafuta ni yule mdogo wa Kongo anayeogelea chali, tumbo juu. Tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo, kinyume na samaki wengine, kwa sababu ya huko kuishi kichwa chini.

*Ukubwa:* sentimita 10 hivi. *Majani:* anayapenda, anajibandika chali chini ya jani pana na anakaa hapo mchana kutwa, wageni wanadhani amekufa. *Msosi:* kila kitu. *Umeme na maji:* anavumilia kuliko enjo, hafiki kwa bichiri. Wakae wanne watano. Usimvue kwa wavu mwembamba, miiba yake inajifunga wazi, utakata wavu au vidole, tumia kikombe. Ukimshika anakoroma, anasugua miiba ya mapezi, usishtuke ukamwangusha.

*Anamfaa:* karibu kila mtu, ila ni wa kuongezea tu, peke yake hawezi kubeba sebule.

Hawa waache

Sato wadogo wa kwenye bwawa, watakula majani yote kisha wakue wakubwa wa kukaanga. Oska, mzuri, mjanja, anamjua anayemlisha, lakini anavuka sentimita 30 na bustani ataihamisha yote kwa siku moja. Sangara sijui hata niseme nini. Kamongo anaweza kufika mita mbili, ana meno ya kuvunja konokono na kidole hatakionea huruma.

Na yeyote utakayemchagua, akikushinda usimpeleke ziwani. Sangara alipandwa na watu kati ya miaka ya 1950 na 1960, gugumaji lilianza kama ua zuri la bwawani kutoka Amerika Kusini, na vyote viwili tunaishi navyo. Mgawie mtu, au ongea na muuzaji kabla hujanunua kama atampokea akirudi.

Sasa angalia upo wapi

Una tenki la lita 100 na majani ya kapeti unayoyapenda kuliko samaki wenyewe: gogogo wa chali wanne, basi, mwili utaufuata ukipata tenki kubwa.

Una lita 200 zenye kina, watoto nyumbani, hela ya kawaida: enjo wanne watano wakiwa wadogo, wakishajichagulia jozi punguza. Weka na gogogo wa chali chini yao, hawasumbuani.

Umeme kwako ni wa mashaka na inverter huna: bichiri na enjo wakubwa, pampu ya betri kwa ajili ya enjo, mfuniko kwa ajili ya bichiri.

Unapenda mawe, majani machache, na unataka samaki mwenye jina la Mwalimu: furu, tenki lake peke yake, usimchanganye na yeyote niliyemtaja hapa. Enjo na mapezi yake marefu atabaki matambara.

Una uzoefu, una friza, unapenda kukaa gizani saa nne usiku unaangalia mkonga unapekua mchanga: mdomo wa tembo, na uanze na minyoo, samaki afuate mwezi unaokuja.

Na kama we ni kama yule jamaa wa Ukerewe, umeshamnunua kamongo na huambiliki, basi tenki la majani mwachie mtu mwingine. Wa kwake yupo kwenye pipa la lita 200 uani, kalikata juu, kaweka wavu wa chuma, na juu ya wavu kuna jiwe ambalo mimi peke yangu sikuweza kulisogeza.